Biruni hakuipima dunia kwa kilomita

Ndugu Mhariri,

Kila Ramadhani ikikaribia, kurasa za makala, vipindi vya redio na simu zetu hujaa habari za wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati. Abu Rayhan al-Biruni hakosi humo, na sentensi yake ni ileile kila mwaka: alipanda mlima, akaipima dunia peke yake, akapata nusukipenyo cha kilomita 6,339.6, akakosea kilomita 17 tu. Sentensi hiyo inapendeza na ndani yake mna ukweli. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu akishika kalamu na kuifuata hesabu hatua kwa hatua, haitoki. Naomba nafasi nieleze inapokwama, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoona Biruni alikuwa akifanya kazi gani hasa.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi, maana hata hapo makosa hayaishi. Alizaliwa tarehe 4 Septemba 973, sawa na 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijria, pembezoni mwa Kath, mji mkuu wa Khwarizmi, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Hakuwa Mwarabu, na Kiajemi pia hakikuwa lugha ya kwao. Kwao walisema Kikhwarizmi, naye vitabu vyake karibu vyote akaviandika kwa Kiarabu. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwanahisabati wa ukoo uliotawala Kath. Mwaka 995 ukoo huo ulipopinduliwa na watawala wa Gurganj, mji mwingine wa Khwarizmi, kijana huyo akakimbia, na kwa miaka kadhaa akawa mtu wa kuhama kutoka ua wa mtawala mmoja kwenda wa mwingine. Mwaka 1017 Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarizmi, akamchukua Biruni pamoja na wanazuoni wengine hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Alikaa huko hadi kifo chake, mnamo 1048. Safari za dola hiyo kuelekea India ndizo zilizomfikisha kwenye ngome ya Nandana, katika Punjab ambayo sasa iko Pakistan. Mlima unaosemwa ni ule wa karibu na ngome hiyo.

Sasa, kwa nini mtu aliyechukuliwa mateka wa heshima ahangaike na ukubwa wa dunia? Makala zetu hulipita swali hili, na bila jibu lake hesabu nzima hugeuka mchezo wa sarakasi. Jibu liko katika kitabu chake cha Tahdid, alichokimaliza mwaka 1025, kinachohusu kuainisha mahali pa miji ili kusahihisha masafa kati yake. Alitaka kujua kibla ya Ghazna.

Msomaji wa mwambao anaweza kulishangaa hilo. Kwetu kibla ni jambo jepesi kiasi kwamba neno lenyewe limetumika pia kwa maana ya kaskazini. Makkah iko kwenye longitudo 39.8 mashariki, Dar es Salaam 39.3, Mombasa 39.7. Mtu wa Dar es Salaam akielekea kaskazini sawasawa amekosea kama digrii 1 tu, na wa Mombasa hata nusu digrii haifiki. Lakini msogeze mtu huyo hadi Goma: kibla inakuwa kiasi cha digrii 24 mashariki ya kaskazini, wala haijulikani kwa kukisia. Ghazna iko mbali zaidi, kama digrii 28 na nusu mashariki ya Makkah na digrii 12 kaskazini yake. Hapo huna budi kuzijua latitudo za miji yote miwili na tofauti ya longitudo zao, kisha uingie katika hesabu ya pembetatu za juu ya tufe.

Latitudo ni rahisi: pima urefu wa jua adhuhuri au wa nyota ya kaskazini usiku. Longitudo ndiyo mwiba. Njia safi ni kupatwa kwa mwezi, kwa sababu watu wote wanaouona mwezi wanaliona tukio hilo kwa wakati mmoja. Tofauti ya saa zao za mahali ndiyo tofauti ya longitudo, kila dakika 4 digrii 1. Tarehe 24 Mei 997 Biruni akiwa Kath na mwanafalaki Abu al-Wafa akiwa Baghdad walipatana kuuangalia mwezi uleule, wakapata tofauti ya kama saa moja. Ubaya wake ni kwamba kivuli cha dunia hakina ukingo mkali. Ukikosea dakika mbili kusema kupatwa kumeanza lini, umeshapoteza nusu digrii. Tena kupatwa hakuji kila mwezi, na si kila mji una mtu wa kuaminika wa kukutazamia.

Kwa hiyo Biruni akategemea njia ya pili, ya misafara. Unachukua masafa ya barabara kati ya miji miwili kwa farsakh, farsakh moja ikiwa maili 3 za Kiarabu, unapunguza sehemu fulani kwa ajili ya kona za njia, kisha kwa latitudo mbili na masafa hayo unatoa tofauti ya longitudo. Unafanya hivyo mji kwa mji, kwa njia zaidi ya moja, kisha unalinganisha. Ili masafa ya maili yageuke kuwa digrii ni lazima ujue digrii moja juu ya uso wa dunia ina maili ngapi. Hapo ndipo ukubwa wa dunia ulipoingia. Ulikuwa kifaa cha kazi.

Kipimo kilichokuwapo kilikuwa cha wanafalaki wa Khalifa al-Ma'mun, karibu miaka 200 kabla yake. Walikwenda uwanda wa Sinjar, Iraq, wakatembea kaskazini na kusini wakipima ardhi, hadi urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike kwa digrii 1 kamili. Wakapata kama maili 56 kwa digrii, wengine wakisimulia 56 na theluthi mbili, kila maili dhiraa 4,000. Biruni alijaribu kuirudia kazi hiyo Dihistan, kaskazini ya Gurgan (Iran ya leo), akashindwa kwa kukosa wasaidizi na wa kumgharimia. Mlima wa Nandana ulimpa njia ya mtu asiye na watu wala fedha.

Njia yenyewe ni hii. Unapanda mlima unaotazamana na uwanda mpana, tambarare kama bahari. Ukiwa kileleni, mstari wa macho unaogusa upeo wa dunia hauko mlalo kamili, unashuka kidogo. Unaipima pembe hiyo ya kushuka. Chora kwenye karatasi: kitovu cha dunia, kilele, na pale mstari wa macho unapougusa uwanda. Ni pembetatu mraba, na pembe iliyo kwenye kitovu ni ileile uliyoipima kileleni. Basi nusukipenyo cha dunia ni kimo cha mlima mara kosaini ya pembe, gawanya kwa 1 toa kosaini hiyo.

Kimo hukipati kwa kamba, kwa sababu huwezi kupenya katikati ya mlima hadi chini ya kilele. Biruni anaeleza namna ya kukipata kwa ubao wa mraba uliogawanywa vipimo pembeni, wenye rula inayozunguka kwenye kona, kwa kulinganisha pembetatu zinazofanana. Mwanafunzi wa leo atafanya kwa pembe mbili: simama mahali pawili kwenye mstari mmoja kuelekea mlima, pima pembe ya kilele kila mahali, pima umbali kati ya vituo hivyo. Kimo ni umbali huo mara tanjenti zote mbili, gawanya kwa tofauti ya tanjenti hizo. Vituo vikikaribiana mno, tofauti ya tanjenti huwa ndogo na kimo huyumba, kwa hiyo usione uvivu kutembea.

Biruni alipata kimo cha dhiraa 652 na dakika 3 na sekunde 18 za dhiraa (dakika ni sehemu moja ya sitini, na sekunde ni sehemu moja ya sitini ya dakika), yaani 652.055 kwa desimali. Pembe ya kushuka ilikuwa dakika 34, zaidi kidogo ya nusu digrii. Matokeo aliyoyaandika katika Tahdid ni nusukipenyo cha dhiraa 12,803,337 na vipande. Akazidisha kwa mbili na kwa 22/7 kupata mzingo, akagawanya kwa 360, akapata dhiraa 223,550 kwa digrii, yaani maili 55 na dakika 53 za maili. Mno karibu na 56.

Chukua kikokotoo. Kosaini ya dakika 34 ukiitoa kwenye 1 inabaki 0.0000489. Gawanya, na jibu ni dhiraa 13,331,700 hivi, si 12,803,337. Pengo ni zaidi ya dhiraa nusu milioni, asilimia 4. Limetoka wapi? Biruni alihesabu kwa sitini-sitini, kama dakika na sekunde za saa zetu. Kwa hesabu hiyo, 1 toa kosaini ya dakika 34 ni 10.56 za sehemu ya tatu, yaani za kizio kilichogawanywa kwa 60 mara tatu. Sasa irudie hesabu kinyumenyume: weka 11 badala ya 10.56. Zidisha 652.055 kwa 216,000, gawanya kwa 11, toa 652, na inatoka 12,803,337 bila kubakiza dhiraa moja. Nusukipenyo chote cha dunia kilisimama juu ya tarakimu moja iliyokadiriwa kwenda juu. Kama angeenda nafasi moja mbele zaidi na kuipata sawasawa, angepata maili 58.2 kwa digrii, na ule ukaribu wa kupendeza na kipimo cha al-Ma'mun usingekuwapo.

Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kwa nini hatukadirii katikati ya hesabu, hasa tunapotoa namba mbili zinazokaribiana, asihangaike tena.

Halafu zile kilomita. Biruni hakuandika kilomita, aliandika dhiraa, na dhiraa hazikuwa na urefu mmoja. Wanaopata 6,339.6 wamechukua dhiraa ya sentimita 49.5 na ushei. Ukichukua ya 49.33, ambayo nayo hutajwa sana, unapata kama 6,316. Ukichukua dhiraa ndefu ya kipimo cha mto Nile huko Misri, sentimita 54.04, unapata 6,919. Kwa maneno mengine, kosa la Biruni kwa kilomita linategemea zaidi mkono wa anayebadilisha kuliko macho ya Biruni. Na hizo kilomita 17? Hupatikana kwa kulinganisha 6,339.6 na 6,356.8, ambacho ni nusukipenyo cha dunia kuelekea ncha zake. Ukilinganisha na wastani unaofundishwa shuleni, 6,371, tofauti ni 31. Aliyelianzisha alichagua lililomfurahisha, na wengine wakanakili.

Hata pembe yenyewe inataka kutazamwa kwa makini. Dakika 34 ni karibu upana wa mwezi mpevu ukiwa juu angani. Kwenye kifaa cha duara chenye kipenyo cha sentimita 60, digrii moja ina upana wa milimita 5 na ushei, na dakika moja ni kama unene wa karatasi ya daftari tu. Lakini dakika moja hiyo ina uzito: ungepima 33, dunia ingekuwa dhiraa 14,150,000, ungepima 35 ingekuwa 12,580,000. Kosa la dakika moja huleta asilimia 6, kwa sababu pembe inaingia kwenye hesabu kwa mraba wake.

Juu ya hapo kuna hewa. Nuru inayotoka kwenye upeo hupita katika hewa nzito chini na nyepesi juu, ikajipinda kidogo kufuata mviringo wa dunia. Upeo huonekana umeinuka na pembe ya kushuka hupungua. Kwa mlima wa mita 322 hivi, pembe ya jiometri tupu ni dakika 34 na nusu, lakini katika hali ya kawaida ya hewa jicho lingeona kama 32. Weka 32 kwenye hesabu na dunia inavimba hadi dhiraa 15,050,000. Kupinda huku hakumo katika hesabu ya Biruni. Katika joto kali la mchana juu ya uwanda mkavu, ardhi ikiunguza hewa ya chini, kupinda hupungua sana, na huenda hiyo ikasaidia kueleza zile 34. Alfajiri hali hugeuka.

Na upeo wenyewe, kutoka mlima wa kimo hicho, uko umbali wa kilomita 64. Uwanda wa Punjab una vumbi, tena ardhi ya kilomita 64 kutoka hapo haina sababu ya kuwa usawa mmoja na ardhi ya chini ya mlima. Ikiwa imeshuka mita 10, umeshakosea asilimia 3. Makosa ya Nandana yalikuwa mengi, mengine yakivuta juu na mengine chini, nayo yakakatana. Anayesema hivyo hamvunjii Biruni heshima.

Makala zetu pia humpa asichokidai. Husemwa kwamba njia ya mlima aliibuni yeye. Mwenyewe anasimulia kwamba mwanafalaki Sanad bin Ali alikuwa na al-Ma'mun katika vita dhidi ya Warumi wa Bizanti, wakafika kwenye mlima mrefu karibu na bahari, na khalifa akamwamuru apande akapime kushuka kwa jua linapozama. Biruni alilitaja jina la aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 150, sisi tunalifuta ili tumpambe yeye! Husemwa pia alifundisha kwamba dunia inalizunguka jua. Alichokijadili ni kama dunia inajizungusha yenyewe au mbingu ndizo zinazozunguka, akaona hesabu za falaki zinaweza kwenda kwa namna zote mbili, na katika kitabu chake cha falaki, al-Qanun al-Mas'udi, akabaki na dunia iliyotulia.

Kama ni lazima tumsifu kwa namba, ipo iliyo bora kuliko kilomita 6,339.6. Kwa latitudo, masafa ya misafara na subira, alikadiria tofauti ya longitudo kati ya Baghdad na Ghazna kuwa digrii 24 na dakika 20. Ramani ya leo inatoa digrii 24 na dakika mbili tatu. Kwa miji iliyoachana zaidi ya kilomita 2,000 za milima na jangwa, hilo ni jambo la kuvuliwa kofia, wala halihitaji kubadilisha dhiraa yoyote, kwa sababu digrii ni digrii popote.

Kwa walimu wanaotaka wanafunzi waionje kazi hii: mlima ni wa kuwachosha bure. Kilima cha mita 100 juu ya bahari hutoa pembe ya dakika 19 tu, na kipimapembe cha mkono hakiioni. Afadhali njia ya vivuli, shule mbili zikishirikiana, moja Mtwara na moja Mombasa, ambazo karibu zimo kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Simamisheni fimbo ya mita 1 kwa timazi, juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji. Kuanzia nusu saa kabla ya jua la utosi, tieni alama kila dakika 2 hadi kivuli kianze kurefuka tena, mchukue kifupi kuliko vyote. Tarehe 21 Juni Mombasa itapata kama sentimita 52 na Mtwara karibu 67. Gawanyeni urefu wa kivuli kwa urefu wa fimbo mpate tanjenti, kisha pembe. Tofauti ya pembe hizo ni kama digrii 6.2, na masafa ya kusini hadi kaskazini ni kilomita 690. Zidisheni masafa kwa 360, mgawanye kwa tofauti hiyo, na mzingo wa dunia ni huo.

Ncha ya kivuli itakuwa na ukungu wa sentimita 1 na zaidi, kwa sababu jua si nukta. Nusu sentimita ya kosa hupotosha mzingo kwa karibu asilimia 4. Dawa yake ni kubandika juu ya fimbo kadi yenye tundu la milimita 4 na kupima katikati ya doa la mwanga, mkikumbuka kupima kimo cha tundu, si cha fimbo. Na msifanye mwanzoni mwa Machi wala katikati ya Oktoba bila kufikiri. Siku hizo jua hupita kati ya miji hiyo miwili, kivuli cha Mombasa huelekea kaskazini na cha Mtwara kusini, na pembe hujumlishwa badala ya kutolewa. Wengi huharibikiwa hapo.

Biruni mwenyewe, alipokwisha kulinganisha namba yake na ile ya Sinjar, hakusema yake ndiyo sahihi. Alisema watu wa al-Ma'mun walikuwa na vifaa bora na walijitaabisha zaidi, akaegemea kipimo chao. Ndiyo sababu naomba, Ndugu Mhariri, makala ya mwaka huu ikiwadia, iandikwe dhiraa 12,803,337, litajwe jina la Sanad bin Ali, na zile kilomita 17 zipumzishwe.

Msomaji wenu,
Tanga